Fundi Ndani ya Kochi

Palikuwa na ndugu wawili wa kike waliotengeneza makochi katika karakana moja nyuma ya duka la vioo. Mkubwa ndiye aliyekata vitambaa na kushona, na alikuwa ametulia kama maji mtungini. Mdogo aliunda fremu, akafunga springi na kupanga sponji, na hakuna aliyewahi kumwona amekaa juu ya kitu alichokitengeneza. Mtaa mzima ulimwita Kimbunga. Hata mama yao, ambaye alikuwa amempa jina jingine zuri tu, alishindwa njiani akaanza kumwita hivyo hivyo.

Akibandika maji ya chai akakuta sukari imekwisha, Kimbunga alitoka kwenda kuinunua, na jioni ulimkuta juu ya ngazi kwa jirani anapaka rangi dari, huku birika nyumbani limebaki jivu. Hakuwa mzembe. Jirani alikuwa amelalamikia dari lake, basi, naye akapita wakati huo huo.

Mume wake alikuwa mwalimu wa udereva. Gari lake la kufundishia lilikuwa na breki ya pili upande wa abiria, na kwa jinsi alivyokaa upande ule miaka na miaka akiwaokoa watu na nguzo za umeme, mguu wake wa kulia ulipata akili yake wenyewe. Kila Kimbunga aliposema mezani kwamba amepata wazo, mguu ule ulikanyaga sakafu kwa nguvu. Zulia lilikuwa limetoboka pale pale, na mkewe alikuwa amelishona mara kadhaa bila kuuliza sababu.

Ni huyo mume aliyemshawishi aende kwa daktari wa akili. Hakumwambia kwamba anaumwa. Alimwambia tu kwamba angependa kumjua zaidi mtu anayeishi naye, maana huwa anampita kwa kasi. Daktari alimuuliza Kimbunga habari za utoto, za shule, za birika, kisha akamwambia alichonacho kina jina, nalo ni herufi nne: ADHD. Ni ubongo, alisema, ambao umakini wake hauji unapoitwa, na ukishakuja hauondoki hata ukifukuzwa. Alimwandikia dawa. Akamwonya kwamba dawa itamsaidia sana lakini haitalala kwa niaba yake.

"Watu wengi huchoka kama jua linavyozama," daktari alisema. "Wanaona giza linakuja, wanatafuta taa. Wewe utachoka kama umeme unavyokatika. Kwa hiyo usisubiri kuchoka ndipo upumzike."

Kimbunga hakuyasikia hayo. Alikuwa anakitazama kiti cha daktari, kilichokuwa kimebonyea upande mmoja. Alimwomba ainuke kidogo. Daktari, akidhani mgonjwa wake anataka kumwonyesha jambo, akainuka. Na Kimbunga akakitia kiti kwapani akatoka nacho, akiahidi kukirudisha alasiri ile ile. Tangu siku hiyo daktari yule aliwahudumia wagonjwa akiwa amesimama. Wao wakadhani ana haraka, wakawa wanafupisha matatizo yao.

Jina la hali yake lilimfurahisha Kimbunga kupita kiasi. Alimweleza muuza vioo, akamweleza mchoma mahindi, akawaeleza hata wateja waliokuja kuuliza makochi yao yatakuwa tayari lini. Alichokishika ni nusu ya maelezo: kwamba ana nguvu nyingi. Basi akaona ni dhambi kuziacha zikae bure.

Ikumbukwe kwamba katika kazi ile kulivua kochi ndiko kwenye raha. Unang'oa kitambaa cha zamani, unakuta ndani sega, kalamu, ufunguo wa mlango usiojulikana, jino la mtoto. Kulivika upya ndiko kunakochosha. Kimbunga akawa anavua. Kila kochi lililoingia karakanani alilivua siku ile ile, akaliacha, akarukia jingine, hadi mteja akifika alilikuta kochi lake linatetemeka katikati ya mengine kama kuku aliyenyonyolewa, asilitambue. Makochi ya karakanani yalipokwisha, alivua ya watu wasiomwita. Mama mkwe wake alimkaribisha chakula cha mchana. Aliingia jikoni kuepua sufuria, na aliporudi sebuleni alikuta springi ziko nje na mkwe wake ana misumari mdomoni.

"Lilikuwa linanung'unika, mama," Kimbunga alimweleza.

Kwa hiyo mama mkwe akawa anapokea wageni juu ya springi tupu. Mwenyekiti wa mtaa alipokuja kumjulia hali, suruali yake ilinaswa, na kwa kulinda heshima yake alibaki amekaa hapo hadi jioni, akizungumza mambo ya maendeleo.

Wakati huo huo Kimbunga alijiunga na kikundi cha kukimbia alfajiri, akaanza kujifunza tarumbeta, na akajenga nyumbani kwake ngazi nzuri ya mbao ya kwenda ghorofani, ingawa nyumba haikuwa na ghorofa. Mume aliitundikia mashati yake. Usiku Kimbunga alilala kidogo tu, akala akiwa amesimama, na kila aliyemuuliza habari alijibiwa kwamba hajawahi kujisikia vizuri namna ile maishani.

Dada yake peke yake ndiye aliyeingiwa na hofu, kwa sababu alimsikia akiimba. Kimbunga hakuwa mtu wa kuimba. Utotoni aliimba mara moja tu, siku nzima, sauti ikipanda na kupanda, na kesho yake walimkuta amejilaza ndani ya kabati la vyombo, hataki kula wala kusema, akakaa hivyo majuma.

"Mdogo wangu, umeanza kuimba," dada yake alimwambia, sindano ikiwa imesimama hewani.

Kimbunga alimjibu kwamba waliochoka hulala, na yeye amesimama, hivyo hajachoka. Kisha akaenda kuvua kochi jingine.

Hapo ndipo ilipokuja kazi ya daktari wa meno. Huyu alikuwa anafungua kliniki mpya upande wa pili wa mji, akataka kochi refu la wagonjwa kungojea, lenye uvungu uliofungwa kama sanduku, ili baadaye atie mlango mdogo na kuweka mablanketi. Kimbunga aliliunda kwa mkupuo mmoja na lilitoka zuri kweli. Dada mtu alilivika nguo ya kijani. Kilichobaki ni kulilaza chali na kubana kitambaa kigumu cha chini, kazi ya dakika chache.

Walililaza, kisha dada akaenda dukani kununua kitambaa hicho. Kimbunga, akiwa peke yake, aliligonga kochi akasikia springi moja inalia. Alivua viatu, kwa sababu hakuwahi kuingia ndani ya kochi la mtu na viatu, akajipenyeza kwenye ule uvungu na koleo mkononi. Mle ndani mlikuwa na giza kidogo, na harufu ya mbao mpya, na vipande vya sponji alivyokuwa ametupia humo siku zilizopita. Aliikaza springi. Akaweka kichwa juu ya sponji apumue mara moja. Umeme ukakatika.

Dada aliporudi hakumwona mtu. Aliita, hakujibiwa, wala hakushangaa. Kimbunga kutoweka katikati ya kazi ilikuwa habari ya kila siku. Alitandaza kitambaa juu ya uvungu bila kuchungulia gizani mle, akachukua bunduki ya pini, ile inayobana nguo kwenye mbao, akabana pande zote nne, pini zikikaribiana vizuri kwa sababu alikuwa mtu wa kazi safi. Mdogo wake alikuwa amelala usingizi wa pono. Hata bunduki haikumgutusha.

Mume wa dada, aliyekuwa na lori la kubebea mizigo, alifika na wapagazi wake wakaliinua kochi. Wapagazi walinung'unika kwamba ni zito. Yeye aliwaambia hiyo ndiyo mbao halisi, si yale makaratasi wanayouziwa siku hizi. Wakalipakia, wakavuka nalo mji mzima, wakalishusha kliniki, wakalisimamisha ukutani chini ya picha ya jino kubwa linalotabasamu. Wagonjwa wa kwanza walikuwa wamekwisha kufika na walikuwa wamesimama. Wakaketi.

Aliyekaa katikati alikuwa bibi mmoja aliyekuja kupimwa meno ya bandia. Kulia kwake alikaa karani aliyevimba shavu, na pembezoni mama na binti yake. Walikaa kimya kama watu wanavyokaa mahali pale, kila mmoja akiusikiliza mdomo wake. Mara wakasikia mkoromo. Bibi alimtazama karani kwa jicho la kumwonea huruma. Karani alimtazama bibi. Mkoromo ukaja tena, mrefu zaidi, na bibi akamgonga karani kiwiko akimwambia kwa upole kwamba asione aibu, maumivu ya jino humchosha mtu. Karani alikuwa macho kabisa, lakini shavu halikumruhusu kujitetea.

Ndani, mashine ya kutoboa meno ilianza kulia. Sauti ile ndiyo iliyomwamsha Kimbunga. Alifumbua macho akaona giza, akanyoosha mkono akagusa mbao, akasikia fundi anatoboa mahali fulani. Wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba amekufa, na kwamba huko waendako wafu nako kuna karakana. Wazo hilo lilimchosha vibaya, akaguna kwa uchungu, guno refu lililotoka tumboni.

Yule mama alimshika binti yake mkono wakatoka nje. Karani akasimama. Msaidizi wa daktari alitokea mlangoni akawahakikishia kwamba hakuna aliyeumizwa. Mgonjwa aliyemo ndani hata sindano hajachomwa. Lakini hakuweza kueleza guno lilikotoka, na karani akaona shavu lake si baya kiasi hicho, akaaga kwa kichwa, akaenda zake.

Bibi peke yake ndiye aliyebaki. Aliinama taratibu hadi sikio likagusa kiti.

"Wewe uliye humu ndani," alisema, "ni mtu?"

Kimbunga aliisikia sauti ya mtu mzima juu ya kichwa chake, na malezi yakamtangulia. "Shikamoo, bibi," alijibu.

"Marahaba, mwanangu. Unafanya nini humo?"

"Mimi ndiye fundi."

Bibi alilitafakari hilo akaliona lina maana. Akamuuliza kama anataka atafutiwe mtu wa kumtoa.

Kimbunga alibaki amelala. Kwa kawaida asingengoja swali liishe. Angepiga teke, angepasua kitambaa, angetoka akimweleza bibi jinsi ya kutengeneza meno ya bandia yaliyo bora zaidi. Alijaribu kuinua mguu akaona mguu hauna habari naye. Na lipo jambo jingine lililomshangaza: mle ndani hakukuwa na kitu cha kufanya. Springi ilikuwa imekazwa. Koleo lilikuwa chini ya mgongo wake na hakuwa na nguvu za kulitafuta. Hakuna dari, hakuna birika, hakuna tarumbeta. Machozi yalianza kumtoka, yakaingia masikioni, naye hakuyafuta.

"Bado kidogo, bibi," alisema.

"Haya," bibi alijibu, akavuta mkoba wake karibu akaketi vizuri. Kila aliyeingia baada ya hapo alipokelewa na bibi kwa kidole mdomoni, akaambiwa asikalie upande wa kushoto, fundi amepumzika. Watu walitii. Mtu mwenye jino bovu hana nafasi ya kubishana. Kliniki ilijaa watu wanaonong'ona, na daktari wa meno alipotoka kuona kwa nini pametulia hivyo, naye aliambiwa anyamaze katika kliniki yake. Aliinama akauliza kwa sauti ya chini kama tatizo hilo limo kwenye dhamana ya kochi. Sauti kutoka ndani ilimjibu kwamba limo.

Huku nyuma, karakanani, mchana ulikuwa umefika bila Kimbunga kuonekana. Mume wake alikuja kumchukua waende kula, kisha akaketi kungoja. Hakuwa na wasiwasi, maana safari iliyopita alipatikana juu ya tangi la maji la shule akiliziba nyufa. Dada aliendelea kushona. Ndipo macho yake yalipoangukia viatu. Vilikuwa vimepangwa vizuri sakafuni, visigino pamoja, pembeni mwa mahali ambapo kochi la kijani lilikuwa limelazwa asubuhi.

Dada aliondoa mguu kwenye cherehani.

"Mwalimu," alimwambia shemeji yake, "nadhani mke wako nimempeleka kwa daktari wa meno."

Walikwenda na gari la kufundishia kwa kuwa ndilo lililokuwepo, na dada alisimulia baadaye kwamba yeye ndiye aliyeendesha, ingawa hajui kuendesha, kwa sababu mwalimu alikuwa amezoea kuokoa watu kutoka kiti kile kingine na mwili wake ulikataa kukaa upande wa usukani. Walifika salama. Bibi aliwapokea kwa kidole mdomoni.

Wagonjwa walisaidia kulilaza kochi polepole, kama wanavyomgeuza mtu kitandani. Dada alipiga magoti akaing'oa pini moja moja, kwani hakuwa na moyo wa kukichana kitambaa, akakifunua kona. Mdogo wake alikuwa amejikunja mle ndani, vumbi la sponji kwenye nywele, macho wazi.

"Dada," alisema, "nimechoka."

Neno hilo dada hakuwahi kulisikia kutoka mdomoni mwake, si utotoni, si ukubwani. Aliingiza mkono akamshika mkono, wakakaa hivyo, mmoja ndani ya kochi na mwingine nje, na mume akasimama nyuma yao mguu wake umetulia kabisa.

"Tangu lini?" dada aliuliza mwishowe.

"Sijui. Nadhani zamani. Nilikuwa nakimbia mbele ya uchovu."

Usidhani kwamba usingizi wa siku moja ulimponya. Kimbunga alikaa nyumbani majuma mengi na haukuwa wakati mzuri. Nyundo ilimshinda kuinua. Alilia kwa sababu kijiko kilianguka. Asubuhi nyingine alikaa kitandani ameshika soksi moja hadi jua likawa utosini, na aliyemwita Kimbunga mlangoni hakuitikiwa. Kilichomuuma zaidi ni kuona aibu, kwani alijiona kama mashine iliyouzwa kwa sifa za uongo. Mume hakumwambia ajikaze. Alimletea uji, akakaa ukingoni mwa kitanda akimsimulia makosa ya wanafunzi wake, hasa yule aliyeingiza gari kwenye duka la kinyozi na kuuliza kama amefaulu.

Waliporudi kwa daktari wa akili, wote wawili, walimkuta bado amesimama. Aliwaambia tena maneno yale yale ya jua na umeme, na safari hii Kimbunga aliyasikia, kwa sababu mume alikuwa amemwomba daktari azungumze wakitembea uani. Huko miguu ya Kimbunga ilipata kazi na masikio yakapata nafasi. Daktari alisema hana haja ya kuzizima nguvu zake, mtu hauzimi mto wa maji; lakini lazima apumzike angali anaona raha, kabla ule wimbo waliomsimulia haujaanza, na apumzike kwa namna inayomfaa. Wapo wanaopumzika kwa kukaa. Yeye huenda akapumzika kwa kutembea bila kubeba kitu.

Ndugu wale wakakubaliana sheria moja: kochi moja tu uchi kwa wakati mmoja, na la pili lisivuliwe hadi la kwanza limevaa. Alasiri dada akate uzi wake na kufunga karakana, hata kama Kimbunga ameinua nyundo, na nyundo ishuke kesho. Mawazo mapya yasimuliwe kwa mume, ambaye kazi yake ni kuuliza tu, juma moja baadaye, kama bado yapo. Mengi yalikuwa yamekwisha kufa yenyewe, bila hata kuzikwa.

Sheria ilivunjwa, naam. Siku moja dada alifika akakuta makochi mawili uchi na la tatu limefunguliwa vifungo. Alilifunga vifungo, akatengeneza chai, wakanywa, na Kimbunga akalivika la kwanza huku akitukana kwa sauti ya chini. Kiti cha daktari kilipata zamu yake kikarudi kwao, lakini daktari alikuwa amezoea kusimama, akampa mlinzi wa getini. Mama mkwe naye alivikiwa kochi lake kwa kitambaa cha maua, na mwenyekiti wa mtaa alilikagua kwa mkono kwanza kabla ya kukaa.

Kisha kukawa na siku ambayo mteja mmoja alileta seti nzima ya makochi ya zamani, yaliyonenepa, ambayo yeyote angeona yamejaa vitu ndani. Kimbunga aliyazunguka. Aliyabonyeza. Akamwambia mteja kwamba atayaanza juma lijalo, na mteja, aliyejua sifa zake, akamuuliza kama anaumwa. Alimjibu hapana. Akavaa viatu, akaenda nyumbani jua likiwa bado juu.

Mume alikuwa barabarani na wanafunzi. Kimbunga alikaa dirishani. Alimtazama jirani akikung'uta mkeka, akamtazama paka akivuka ukuta, akatazama ukuta. Aliinuka akanywa maji, akarudi, na kivuli cha mti kilikuwa bado mahali pale pale. Hakuna kilichotokea. Aliendelea kukaa.

Kesho yake asubuhi alimkuta dada yake anatia uzi kwenye sindano.

"Dada," alimwambia, "alasiri ni ndefu sana."

"Ndivyo ilivyo siku zote," dada alimjibu, akaendelea kutafuta tundu la sindano.